Mistari ya Mabua Ukutani

Watawa wa Priori ya Stanmere, nyumba yao juu ya kilima nyuma ya Woolwich, Uingereza, walikuwa wameondoka miaka mia nne na zaidi kabla ya Soud kufika pale na toroli lake la majani. Mfalme wao, aliyeitaka ardhi yao, ndiye aliyewafungia milango. Watu wake waling'oa mabati ya risasi kwenye paa, wakateremsha kengele, na mawe mazuri yakaburutwa mpaka bondeni kwenda kujenga nyumba za watu wengine. Kilichosalia kilikuwa ukuta mmoja, mrefu kuliko watu watatu waliopandana mabegani, wenye tao katikati. Chini ya tao ilipita njia ya miguu. Asubuhi watoto wa shule iliyokuwa ng'ambo walipita hapo wakikimbizana, na alasiri wakarudi vilevile.

Soud aliajiriwa na idara ya magofu kufagia njia ile na kukata nyasi. Alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, mtu wa makamo, mpole wa sauti, ambaye ukimuuliza neno alikaa kwanza kabla ya kukujibu. Hakuwa amesoma sana. Lakini hakuweza kufagia mlangoni pa nyumba asiyomjua mwenyewe, kwa hiyo kila Jumamosi alikwenda maktaba, akaazima vitabu vya watawa, akavisoma na kamusi mapajani. Alijua kwamba walikuja wanane na mkuu wao, wakalala bandani mwa ng'ombe miaka miwili kabla ya kuwa na paa lao. Alijua kwamba waliamka kabla ya alfajiri kusali, jambo lililomfanya awaonee huruma kidogo kwa baridi ya hapa, na kwamba waligawa mkate langoni bila kumuuliza mtu katokea wapi. Yote hayo aliyaandika katika daftari la jalada la buluu, kwa herufi ndogo zilizonyooka.

Ni daftari hilo lililomfikisha kwenye ukuta.

Zamani kidogo mafundi walikuwa wameuziba ukuta kwa saruji, na saruji ile ilikuwa ikiyaua mawe. Maji yaliingia yakakosa pa kutokea, na sura za mawe zikawa zinabanduka kama maganda ya kitunguu. Soud aliliona hilo kwa sababu ujana wake, kabla ya Mapinduzi, aliumalizia juu ya majukwaa ya Mji Mkongwe, akimtumikia mjomba wake aliyekuwa fundi chokaa. Alichora katika daftari lile, akapima, akachanganya chokaa na mchanga kwa vipimo sita tofauti juu ya vipande sita vya mawe, akavipanga ukutani wakati wa kiangazi, na mwezi wa tisa akamwita Bwana Garrod, mkaguzi wa idara, aje avitazame.

Garrod alikuwa Mwingereza mrefu mwenye koti lisilobadilika. Alivishika vipande kimoja kimoja.  Halafu akasema, "Umejifunza wapi haya?"

"Kwetu, bwana."

Wiki iliyofuata akaja na habari. Idara ingempa Soud sehemu ya juu ya tao, iliyokuwa imebomoka, aijenge upya kwa chokaa. Akiimaliza, na ukuta ukipita ukaguzi Ijumaa ya tarehe kumi na nane Desemba, ataandikwa fundi wa kudumu, na barua ya ajira atapewa siku hiyohiyo. Asipoimaliza, mkataba wake ungekwisha na mwaka ule wa 1981, na fedha za ukuta zingehamishiwa kwingine.

Garrod hakujua barua ile ilikuwa na uzito gani. Soud alimweleza baadaye, kwa maneno machache. Alipotoka Unguja Januari ya Mapinduzi, mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto alizaliwa tarehe mbili Februari, wa kike, akaitwa Raya. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka tisa. Bibi akamchukua wakahamia Mombasa. Na mwaka huu bibi naye alikuwa amekufa. Soud hakuwahi kumwona mwanawe ila kwenye picha. Tarehe kumi na nne Januari msichana alikuwa na miadi Nairobi, kwa maofisa wa viza wa Uingereza, na moja ya karatasi walizotaka ilikuwa barua ya mwajiri kwamba baba ana kazi ya kudumu. Miadi mingine isingepatikana kabla ya Februari, na Februari akishatimiza miaka kumi na minane hatahesabika tena kuwa mtoto wa kumfuata baba yake. Mlango ungefungwa.

"Basi jenga," alisema Garrod.

*

Jukwaa la kufanyia kazi lilisimamishwa na Parminder, Singasinga wa Nakuru, mwenye gari bovu la mizigo na kilemba cha rangi ya machungwa. Yeye alikuwa mtu wa saruji. Alikulia kwenye saruji, babake alijenga nusu ya maduka ya Nakuru kwa saruji, na chokaa kwake ilikuwa kitu cha kupaka kwenye miti.

"Maalim," alikuwa akimwita Soud kwa sababu ya vile vitabu, "hiyo unga yako itakauka lini? Krismasi ya mwaka gani?"

"Haikauki, Singa. Inakuwa jiwe. Kukauka na kuwa jiwe ni vitu viwili."

"Mimi nikiweka simiti leo, kesho nalala juu yake na bibi yangu."

"Na mkeo anasemaje?"

"Anasema Parminder, simiti ni baridi."

Walicheka, wakanywa chai ya chupa. Kazi ilikwenda. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka tarehe nne Desemba Soud alipandisha safu tisa za mawe juu ya tao, kila jiwe akilipima kwa timazi, akiligeuza mpaka likubali kukaa. Na kila safu iliyokwisha aliitunza kama alivyofundishwa na mjomba wake: usiiache chokaa ikaushwe ghafla, inyweshe maji asubuhi, inyweshe jioni, wiki tatu nzima, na uifunike magunia mabichi. Magunia ya katani aliyapata kwa Bi Pushpa, mwenye duka la mchele barabara kuu, ambaye alizaliwa Mkunazini, Unguja, na alimpa bure kila aliposikia lafudhi yake. Asubuhi na jioni Soud alipanda jukwaani na ndoo, akaunywesha ukuta. Unguja adui wa chokaa mbichi ni jua. Mjomba wake hakuwahi kumtajia adui mwingine.

Kitu kimoja kilimsumbua. Katika ukuta wa kale, kila baada ya kimo cha mtu mpaka kiunoni, ulipita mstari mwembamba wa rangi ya kahawia, umelala sawasawa kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho, na ndani ya mstari huo chokaa ilikuwa na alama za mabua, wazi kabisa, mpaka vifundo vyake. Alidhani watawa walichanganya mabua na chokaa, kama watu wanavyochanganya majani na udongo wa kukandika. Lakini kwa nini kwenye mistari tu? Aliandika katika daftari: *Mistari mitano. Mabua. Rangi ya kahawia. Sijui.* Akaliacha hapo, kwa kuwa hakupenda kukisia.

*

Jumanne ya tarehe nane Desemba aliamka akakuta dirisha limeota maua ya barafu kwa ndani. Alipofika kilimani, ndoo yake aliyoiacha na maji ilikuwa imepasuka. Ukuta ulikuwa unang'aa. Magunia aliyoyalowesha jana jioni yalisimama yenyewe kama mbao, na alipoyaondoa yalitoa sauti ya kitu kinachochanika.

Parminder alifika akipuliza vidole. Alipanda, akagonga chokaa kwa nyundo ndogo. Ikalia *kli, kli*.

"We! Maalim! Nimekosea, nakubali. Hii sasa ni chuma!"

 Soud alikuwa anatazama pembe ya kusini, ambako jua la saa tatu lilikuwa limeanza kuangaza, jua dogo lisilo na nguvu. Jalidi, ile barafu nyembamba ya usiku, ilikuwa imeondoka hapo, kipande cha upana wa kiganja. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye chokaa. Ukucha ukazama. Akaukokota, na chokaa ikamfuata, ikamwagika juu ya kiatu chake kama sukari iliyolowa.

Aligusa chini kidogo, kivulini. Ngumu kama jiwe. Akapulizia pumzi yake mahali pale, akapuliza, akapuliza, mpaka pakawa na unyevu. Ukucha ukazama.

"Nini?" aliuliza Parminder.

"Maji," alisema Soud. "Maji niliyoyatia mimi."

Alieleza polepole, kwa kuwa na yeye mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anaelewa. Chokaa changa bado ina maji tumboni. Yeye alikuwa ameyaongeza, asubuhi na jioni, kwa bidii. Yale maji yameganda, yakavimba, yakakipasua kila kilichoanza kushikana. Sasa barafu ndiyo inayoshika mawe, si chokaa. Baridi ikidumu, ukuta ni chuma. Barafu ikiyeyuka, hakuna kitu.

"Yote tisa?"

"Sijui. Hizi tatu za juu zimekufa. Zile za chini zina wiki tatu mpaka saba. Pengine zilishawahi kushika."

Parminder aliangalia chini, kwenye njia. Watoto wawili waliochelewa walikuwa wanapita chini ya tao, mmoja akimvuta mwenzake kwa mkanda wa begi.

Soud alikaa juu ya ubao wa jukwaa, miguu ikining'inia, uso wake mbele ya ukuta wa kale. Mbele ya macho yake ulipita mmoja wa ile mistari ya kahawia. Aliutazama muda mrefu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutazama kitu kingine. Mabua hayakuwa ndani ya chokaa. Yalikuwa yamelala juu yake, juu ya safu ya mwisho, na safu iliyofuata ilikuja ikayakuta pale. Na ile kahawia haikuwa kutu. Ilikuwa samadi. Vuli ilipofika, baridi ikikaribia, watawa waliacha kujenga. Walifunika kichwa cha ukuta kwa mabua na samadi yenye joto, wakateremka, wakaenda kusali. Majira ya kuchipua wakarudi, wakafagia, si vizuri sana, wakaendelea. Mistari mitano. Walisimama mara tano. Ukuta mmoja, miaka sita, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Jibu lilikuwa mbele ya pua yake tangu Oktoba, na yeye alikuwa ameandika *Sijui.*

*

Siku ile ile walikwenda kwenye zizi la farasi wa kukodi, upande wa pili wa kilima, na gari la Parminder. Mwenye zizi aliwaangalia Mwafrika na Singasinga wakiomba mavi, akasema wachukue yote, na wakitaka waje tena kesho.

"Babangu aliniambia, Parminder, nenda Ulaya, uwe mtu mkubwa," alisema Parminder akipakia. Kilemba alikuwa amekizungushia mfuko wa plastiki. "Nikimwandikia nitasema nini? Baba, nimepata biashara ya samadi."

"Mwambie ni ya farasi. Si ya ng'ombe."

"Aa, hapo atafurahi."

Ila Soud hakucheka, na Parminder alipoliona hilo akapakia haraka zaidi. Walifunika ukuta wote, mabua chini, samadi juu, magunia makavu mwisho. Mvuke ulitoka. Theluji ikaanguka juu ya mvuke. Siku zilizofuata Soud alipanda kila saa akaingiza mkono chini ya mabua. Kwenye safu za chini alihisi uvuguvugu mdogo kama wa mdomo wa mbuzi. Kwenye zile tatu za juu chokaa ilikuwa maiti, na hakuna samadi itakayomwamsha maiti. Kuzijenga upya hakuwezekani kabla ya Aprili.

Alhamisi aliingia kwenye kibanda cha simu chini ya kilima kumwambia Garrod ukweli. Alikuwa ameyaandika maneno kwenye daftari, kwa Kiingereza, mistari minne, na ameyarudia njiani. Simu ikapokelewa.

"Ah, Soud! Nilikuwa nakuwazia. Barua yako imeshapigwa chapa, iko mezani kwangu hapa. Bado sahihi yangu tu, na hiyo utaipata tarehe kumi na nane. Binti yako atafurahi, sivyo?"

Soud aliangalia mistari yake minne.

"Ndiyo, bwana," alisema. "Ahsante, bwana."

Akarudisha mkono wa simu mahali pake, akasimama mle kibandani mpaka mwanamke mmoja akagonga kioo.

Nyumbani alikuta barua ya Raya. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na ulionyooka, na kila mara jambo hilo lilimshitua, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. *Baba, nimeuza cherehani ya bibi, nimepata nauli ya kwenda Nairobi na kurudi. Kurudi sitaki, lakini wamesema lazima uwe nayo. Jirani amenipa sweta. Wanasema maofisa huuliza maswali ya kukutega. Wakiniuliza baba yako anafanya kazi gani, najua niseme fundi. Lakini fundi wa nini? Niandikie ili maneno yetu yawe mamoja.*

Aliisoma mara tatu, akaikunja kama ilivyokuwa imekunjwa.

*

Ijumaa ya ukaguzi redio ilisema baridi itavunjika usiku wa kuamkia Jumamosi, na joto litapanda. Soud alisikia akiwa anafunga kamba za viatu. Alizifungua, akazifunga tena.

Parminder alikuwa ameshafika. Pumzi yake ilitoka kama moshi wa gari lake.

"Leo bado ni chuma," alisema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu. "Nimegonga. Anakuja, anagonga, anasaini, anakwenda. Kesho ni kesho."

"Kesho itaanguka."

"Kesho ni Jumamosi. Hakuna shule."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu! Maalim, wewe una mtoto mmoja hujawahi kumshika mkono, na unaniletea Jumatatu. Wacha hiyo kichwa yako ipumzike. Toa magunia."

Soud alitoa magunia. Alifagia samadi na mabua kutoka safu za juu, akayarundika kwenye kona ya jukwaa. Mikono yake ilifanya kazi kama ya mtu mwingine. Ukuta ukabaki wazi, safi, mweupe kwenye viungo, mzuri. Hilo ndilo lililomuuma. Ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote alichopata kujenga.

Garrod alikuja saa nne, pua nyekundu, mkoba kwapani. Alipanda ngazi kwa uangalifu. Alitazama kila safu. Akatoa ufunguo mfukoni, akagonga safu ya juu kabisa. *Kli, kli, kli.*

"Kama kengele," alisema.

Soud alikuwa nyuma yake, hatua mbili.  Lilihitajika neno moja tu la Kiingereza, la kumwambia ile ni barafu. Alifungua mdomo. Garrod alikuwa ameshageuka, anatabasamu, anampa mkono, na mkono wa Garrod ulikuwa na joto.

Barua ilitiwa sahihi juu ya toroli lililogeuzwa. Garrod akashuka kilima akipiga mluzi.

Posta ya barabara kuu ilikuwa na foleni ya watu wenye kadi za Krismasi mpaka nje. Soud alisimama humo karibu saa nzima, bahasha kifuani ndani ya koti, akisogea nusu hatua, nusu hatua. Mle ndani, pamoja na barua ya idara, alikuwa ametia karatasi ya daftari aliyoiandikia pale pale kwenye foleni, mgongoni mwa mtu aliyemruhusu: *Wakiuliza, sema fundi chokaa.* Alilipia rejista. Mhudumu akaigonga muhuri, akaitupa nyuma yake kwenye gunia la kijivu bila kutazama. Soud alilitazama gunia lile mpaka mhudumu akasema, "Anayefuata."

Halafu alitoka, akatembea. Mlimani alianza kukimbia.

*

Alipanda jukwaani na patasi na nyundo, akaanza na jiwe la juu kabisa.

"Wewe ni mwendawazimu?" Parminder alikuwa anafungua nguzo za pembeni ili achukue mali yake. "Funga kamba njiani! Weka kibao cha hatari!"

"Nimefunga kamba mara tatu tangu Oktoba. Kila mara watoto wamefanya ya kurukia."

"Basi ngoja jioni, angalau!"

"Wanatoka saa tisa na robo. Na jua hili tayari lipo kwenye pembe ya kusini." Jiwe lilikuwa limeshika, barafu ilikuwa ngumu kushinda chokaa yoyote. Alipiga, akapiga. Lilipoachia, alilikumbatia, akachukua kipande cha chaki sikioni, akaliandika namba moja. "Pokea, Singa, au ondoka chini."

Parminder alisema maneno kadhaa ya Kipunjabi. Halafu akanyoosha mikono.

Waliteremsha mawe hivyo, moja baada ya moja, kila moja na namba yake, na Parminder akayapanga kwenye nyasi kwa safu kama yalivyokuwa ukutani. Mikono ya Soud ilipasuka kwenye vifundo. Safu ya kwanza iliisha, ya pili ikaisha. Alikuwa na mawe manne ya safu ya tatu yamebaki aliposikia mluzi unapanda kilima, na mluzi ukakatika ghafla.

Garrod alikuwa amesimama njiani, kamera shingoni. Alikuwa amerudi kupiga picha ya ukuta uliokamilika, kwa ajili ya faili. Alitazama mawe kwenye nyasi, na namba zake. Alitazama juu.

"Shuka," alisema.

Soud alishuka. Alisimama mbele yake na kumwambia yote, bila kupamba: ndoo za maji asubuhi na jioni, jalidi, ukucha, simu. Alichukua donge la chokaa la safu ya juu, akalifumbata ndani ya kiganja kwa muda, akakifungua. Lilikuwa tope.

"Ulijua," alisema Garrod, "nilipokuwa nagonga?"

"Nilijua, bwana."

"Barua iko wapi?"

"Posta."

Parminder alikuwa ametulia kabisa, jiwe namba ishirini na nane mikononi.  Kutoka ng'ambo kengele ya shule ililia.

Soud alimtazama, akatazama juu, akapanda tena ngazi bila kuomba ruhusa. Yalikuwa mawe manne. Lile la kwanza alilitoa kwa mapigo mawili, la pili kwa moja, la tatu halikuhitaji nyundo: alilishika tu likaja, na upande wake wa kusini ulikuwa umelowa. La nne alikuwa bado amelikumbatia kifuani watoto walipofika, wakikimbizana na mabegi yao, wakapiga kelele chini ya tao ili wasikie sauti zao zikirudi. Mmoja aliinua uso akampungia. Soud hakuwa na mkono wa kumpungia.

Walipokwisha kupita, aliweka ukucha kwenye safu ya sita, ile ya chini ya zilizokufa. Aliukandamiza mpaka nyama ya kidole ikawa nyeupe. Haukuzama. Akajaribu mahali pengine, na pengine. Haukuzama.

"Jumatatu," Garrod alisema kutoka chini, polepole, "nitapaswa kuandika nilichokiona hapa. Nairobi wakipiga simu idarani, watasomewa kilichomo kwenye faili."

"Ndiyo, bwana."

"Mkataba wako unakwisha tarehe thelathini na moja."

"Najua."

Garrod alisogea karibu na ukuta wa kale, akauweka mkono kwenye mmoja wa ile mistari. "Na hii ni nini? Nimepita hapa miaka kumi na moja."

"Mabua, bwana. Na samadi. Walikuwa wanasimama, kila vuli. Hapo, na hapo, na hapo. Mara tano."

Mwingereza aliifuata mistari kwa kidole, akihesabu bila sauti. Kisha alishika kamera, akaiinua mpaka jichoni, akaielekeza kwenye mawe yaliyokuwa kwenye nyasi. Alikaa hivyo kwa kitambo. Akaiteremsha, akafunika lenzi.

"Mwanga hautoshi," alisema.

Jua lilikuwa bado limelala juu ya mapaa ya Woolwich, na mawe yote yalionekana mpaka namba zake. Garrod alifunga vifungo vya koti, akateremka kilima, na safari hii hakupiga mluzi. Soud alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona. Hakujua alichoambiwa ni nini. Hakutaka kukisia.

"Atasema ama hatasema?" aliuliza Parminder.

"Sijui."

"Na wewe hukumuuliza!"

"Nimuulize nini, Singa? Aseme uongo wangu uwe wake?"

Parminder alipangusa pua kwa mkono wa koti. Halafu alipanda na rundo la mabua, akampa. Soud aliyalaza juu ya safu ya sita, taratibu, yote yakielekea upande mmoja, akiyakanda kwa viganja vilivyokuwa vinatoka damu. Parminder akamwaga samadi, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Aprili ikifika mtu atafagia mabua haya, si vizuri sana, na kuendelea. Pengine mtu mwenyewe atakuwa Soud. Pengine atakuwa mgeni mwingine, na ataukuta mstari hapa, wa sita, asijue ni wa nani.

Mombasa ni mbali. Gunia la kijivu lilikuwa limeshatoka posta saa hizi, na neno lake limo ndani, na hakuna wa kulirudisha.

Alikuwa anafunga gunia la mwisho wakati tone la maji lilipomwangukia nyuma ya mkono. Alitazama juu. Likaanguka la pili: mvua, si theluji.